Nyumba za Zamani Zilizogeuzwa Kuwa Nyumba za Mungu



Somo la leo latoka katika shauri lililoingia kijijini petu. Kapela yetu ya udongo na nyasi ilianguka katika majira ya mvua. Usiku mmoja ukuta wa nyuma ulilala chini, na asubuhi tulikuta altare imejaa matope. Palikuwapo kijijini jengo moja tu kubwa la matofali, nalo ni ghala la pamba, ambalo watu wetu huliita depo. Kampuni moja ya Wazungu ililiacha zamani sana. Mlango wake ulikuwa umeoza, popo walijaa darini, lakini kuta zilisimama imara na mabati mengi yalikuwa bado mazima. Tulikwenda kwa mfumu na wazee kuliomba, nao wakatupa kwa moyo mwema.

Ndipo maneno yalipoanza. Vijana walisema: Nyumba ni nyumba, tufagie, tutundike msalaba, na Dominika ijayo tusali humo. Lakini mzee mmoja, aliyebatizwa tangu utoto wake, mtu asiyekosa Misa, alisimama akasema kwamba yeye hataingia. Baba yake alipimiwa pamba mlangoni pale, ikaonekana pungufu, naye akalazwa juu ya sakafu ile ya simenti akapigwa fimbo mbele ya mke wake na watoto wake. Mzee alikuwa mmoja wa watoto wale. Alituuliza: «Mniambie, nipige magoti mahali gani ndani yake, nisipaone mahali pale?»

Mwajua ya kuwa kulima pamba kwa amri kulianza katika nchi yetu mwaka 1917, wakati wa utawala wa Wabelgiji, na ya kuwa katika vijiji vingi fimbo ilifuatana na mizani. Mzee hakusema uwongo, wala hakusema kwa chuki. Mimi, mwalimu wa dini, sikuwa na jibu. Niliomba nipewe siku chache, nikaenda misioni, na padri akanifungulia kabati la vitabu. Nawaletea hapa yale niliyoyakuta, maana swali letu ni la zamani kuliko depo, ni la zamani kuliko misioni yoyote katika Kongo.

Hapo mwanzo Wakristu hawakuwa na kanisa hata moja walilolijenga. Yezu mwenyewe alifanya Karamu ya mwisho katika chumba cha juu cha mtu mwingine. Petro, malaika alipomtoa gerezani usiku, alikwenda kubisha hodi katika nyumba ya Maria mama wa Yoane Marko, maana ndugu walikuwa wamekusanyika humo wakimwombea. Huko Efeso, Mtakatifu Paulo alipokutana na ugumu katika sinagoga, alihamia katika darasa la mtu aitwaye Tirano, akafundisha humo muda wa miaka miwili. Akwila na Priska, waliofanya kazi ya kutengeneza mahema, waliwapokea waamini nyumbani mwao. Kwa hiyo wazee wetu katika imani walisali katika vyumba vya kulia, katika madarasa, na katika nyumba za mafundi.

Lakini kuazima chumba kwa saa chache ni jambo moja, na kuigeuza nyumba kabisa ni jambo lingine. Habari ya kwanza tuliyo nayo ya nyumba iliyogeuzwa kabisa, hata leo twaweza kuonyesha ukuta gani ulivunjwa na ukuta gani ulibaki, yatoka katika mji wa Dura-Europos, katika nchi ya Siria, juu ya ukingo wa mto Eufrate.

Mji ule ulikuwa mji wa askari wa Roma, mpakani pa ufalme wa Waajemi. Karibu na mwaka 232 mtu mmoja alijenga, au alitengeneza upya, nyumba yake ya kawaida karibu na ukuta wa mji. Twajua hayo kwa sababu mkono wa mtu ulikwaruza tarehe katika lipu ya ukuta. Ilikuwa nyumba kama nyumba za jirani zake, vyumba vikizunguka ua katikati. Baada ya miaka michache, karibu na mwaka 240, Wakristu waliitwaa, wakaitengeneza kwa ajili ya ibada. Angalieni walivyofanya, kwa maana hawakuwa matajiri, na kazi yao yafanana na kazi yetu.

Upande wa kusini wa ua palikuwa na vyumba viwili. Walivunja ukuta uliokuwa kati yake, wakapata chumba kimoja kirefu, karibu metro 13 kwa metro 5. Chumba hicho kiliweza kupokea watu kama 60 au 70, yaani kijiji kidogo kama chetu siku ya Dominika. Waliinua sakafu. Mwisho wa chumba, upande wa mashariki, walitengeneza jukwaa dogo la chini, na yaonekana aliyeongoza sala alisimama au aliketi hapo. Katika chumba hicho hawakupaka picha. Yalikuwa makao ya watu kusikiliza na kuumega mkate, basi.

Mali yao waliiweka katika chumba kingine kidogo, upande wa magharibi. Hicho ndicho chumba cha ubatizo. Walijenga birika la maji penye ukuta, na juu yake kibanda kilichobebwa na nguzo, na chini ya paa la kibanda walipaka rangi ya buluu yenye nyota, mfano wa mbingu za usiku. Nyuma ya birika walimchora Mchungaji Mwema amebeba kondoo, na chini yake Adamu na Eva. Ukutani walichora yule mgonjwa aliyepooza akibeba kitanda chake, na Petro akizama majini huku Yezu akimnyoshea mkono. Walimchora pia mwanamke Msamaria kisimani, na Daudi na Goliati. Picha zenyewe si za fundi mkubwa. Miguu ya watu ni mifupi na nyuso zatazama mbele kwa macho makubwa. Lakini mkatekumeni aliyeingia usiku wa Pasaka, taa ya mafuta mkononi, aliona mambo yote aliyofundishwa yakimzunguka, kisha akaona maji.

Nimefikiri sana juu ya neno moja: kwa nini chumba cha ubatizo kilipewa rangi zote, na chumba cha watu wote kikaachwa kitupu? Vitabu havisemi. Mimi nadhani ya kuwa walikuwa na rangi kidogo, wakachagua kuiweka mahali ambapo mtu hupita mara moja tu katika maisha yake na asisahau.

Nje ya nyumba hapakuwa na alama ambayo mpita njia angeitambua. Mlango ulikuwa mlango ule ule wa zamani. Tena katika mji huo huo, mbele kidogo penye njia ile ile ya ukuta, Wayahudi nao walikuwa wamegeuza nyumba kuwa sinagoga, wakapaka kuta zake picha nzuri kuliko za Wakristu. Watu wa dini mbili, jirani kwa jirani, walifanya kazi moja ya kuvunja kuta za ndani na kupaka rangi.

Wakristu hawakuitumia nyumba yao muda mrefu. Karibu na mwaka 256 Waajemi waliuzingira mji. Askari wa Roma, wakitaka kuutia nguvu ukuta, walizijaza udongo nyumba zote zilizokuwa karibu nao. Nyumba ya Wakristu ikafukiwa. Mji ukaanguka, watu wakaondoka, mchanga ukafunika yote. Katika mwaka 1931 na 1932 wataalamu kutoka Marekani na Ufaransa walipochimba, walikuta kuta zingali zimesimama na rangi zingali juu yake. Picha za chumba cha ubatizo zilipelekwa Marekani, katika chuo kikuu cha Yale, na huko zimehifadhiwa. Udongo wa vita ndio uliotutunzia kanisa la watu wadogo, ambapo makanisa mengi ya wakubwa wa wakati ule hatuna hata jiwe.

Lakini nasikia mtu akisema: Mwalimu, nyumba ya Dura ilikuwa nyumba safi ya mtu wa kawaida. Depo yetu siyo hivyo. Itakuwaje nyumba iliyotumika kwa mambo maovu?

Swali hilo lilimsumbua hata Papa. Katika mwaka 596 Papa Gregori Mkuu alimtuma Agostino na wamonaki wenzake kwenda Uingereza, nao wakafika mwaka 597 katika nchi ya Kent. Mfalme Ethelbert alikuwa bado mpagani, lakini mkewe Bertha, binti wa Wafaranki, alikuwa Mkristu, na alikuwa akisali katika jengo la zamani la wakati wa Waroma nje ya mji wa Canterbury, lililowekwa chini ya jina la Mtakatifu Martino. Wamonaki walianza sala zao humo humo. Mfalme akabatizwa, na watu wengi wakamfuata. Basi, yale mahekalu ya miungu yao yafanywe nini?

Mwezi wa Juni mwaka 601 Papa alimwandikia mfalme barua, akimhimiza ayaangushe mahekalu. Barua ikaenda zake. Lakini Papa hakutulia moyoni. Majuma machache baadaye aliandika barua nyingine, akaituma kwa Abate Melito, aliyekuwa bado njiani kwenda Uingereza, akimwambia amfikishie Agostino shauri jipya alilolifikiri kwa muda mrefu. Sasa alisema mahekalu yasivunjwe. Sanamu zilizomo ndizo ziharibiwe. Nyumba zenyewe, kama zimejengwa vizuri, zinyunyiziwe maji ya baraka, altare zijengwe, na masalio ya watakatifu yawekwe humo. Sababu yake ni kwamba watu wakiona nyumba zao hazibomolewi, watakuja kwa urahisi mahali walipozoea, na humo watajifunza kumjua Mungu wa kweli. Hata karamu zao za ng'ombe aliziacha, ila zifanywe siku za wamartiri, katika vibanda vya matawi kuzunguka kanisa. Alisema kwamba mtu apandaye mahali pa juu huenda ngazi kwa ngazi, haruki.

Habari hizo zimehifadhiwa na Beda, mmonaki wa Uingereza, katika kitabu alichokimaliza mwaka 731. Mimi nikizisoma napendezwa na jambo moja kuliko mengine yote: Papa alibadili shauri lake, wala hakuona haya. Tusijivune basi sisi wa baraza la kijiji tukiwa tumesema neno moja juzi na kuona jingine leo.

Tena shauri la Gregori lafuata njia ya ubatizo. Mtu anapobatizwa hapewi mwili mwingine. Mikono ni ile ile, kovu la mguuni ni lile lile, jina la ukoo lingalipo. Kinachotolewa ni sanamu iliyokuwa imekaa ndani. Na kabla ya maji huja maulizo: Je, wamkataa Shetani? Nyumba haina kinywa cha kujibu, na kwa hiyo watu wake ndio wapaswao kujibu kwa ajili yake. Vijana wetu waliotaka kufagia na kutundika msalaba tu, walitaka kubatiza bila kuuliza.

Miaka michache tu baada ya barua ile, jambo hilo lilifanyika Roma kwenyewe, tena kwa hekalu kubwa kuliko yote ambayo Gregori angaliweza kufikiri. Mjini Roma pana nyumba ya mviringo iitwayo Panteoni. Ilijengwa upya wakati wa Kaisari Hadriano, katika miaka ya 120 hivi, ingawa mbele ya mlango limeandikwa jina la Agripa, aliyejenga ya kwanza. Paa lake ni mfano wa chungu kikubwa kilichopinduliwa, upana wake metro 43, na kimo kutoka sakafuni hadi juu ni metro 43 vilevile. Halina nguzo katikati. Halina dirisha ukutani. Juu kabisa pana tundu moja la mviringo, upana wake karibu metro 9, na mwanga wote huingia humo. Mvua nayo huingia humo, na sakafu ina matundu madogo ya kuyapitisha maji.

Nyumba hii Papa Bonifasi wa Nne aliiomba kwa Kaisari Foka, aliyetawala kutoka Konstantinopoli. Sikieni neno hilo: aliiomba. Kaisari akampa, na tarehe 13 Mei mwaka 609 Papa akaitabaruku kuwa kanisa la Bikira Maria na Wamartiri wote. Masimulizi ya zamani yasema kwamba mifupa ya wamartiri ililetwa kutoka makaburi ya chini ya ardhi, magari 28, ikazikwa humo. Kama magari yalikuwa 28 au machache zaidi, hilo si kitu kwetu. Maana ya tendo yaeleweka hata na mtoto. Watu waliouawa kwa sababu walikataa kuiabudu miungu ya Roma waliingizwa kwa heshima katika nyumba ya miungu hiyo, wakapewa makao.

Na nyumba ilibadilishwa kiasi gani? Kidogo sana. Sanamu zilitoka, altare ikaingia. Tundu la juu halikuzibwa, jina la Agripa halikufutwa. Mgeni aingiaye leo hutembea chini ya paa lile lile la Hadriano. Siku ya Pentekoste huko hudondoshwa maua mekundu ya waridi kupitia tundu lile, yawashukie watu kama ndimi za moto. Tena kwa sababu ilifanywa kanisa, nyumba ilisalimika. Mahekalu mengi ya Roma yalibomolewa, mawe yake yakachukuliwa kujengea na marumaru yake kuchomewa chokaa, lakini Panteoni ilikuwa na watu wa kuitunza. Hata hivyo haikupona kila mkono: mwaka 663 Kaisari Konstansi wa Pili alipofika Roma, naye Mkristu, aling'oa mabati ya shaba yaliyokuwa juu ya paa akayachukua. Sisi tunaolala macho tukiyalinda mabati yetu twaweza kucheka kidogo.

Lakini lazima niseme na upande mwingine, nisije nikawafundisha nusu ya habari. Si kila nyumba iliyogeuzwa iliombwa. Nyingine zilitwaliwa kwa nguvu za vita. Mwaka 1236 Wakristu walipouteka mji wa Cordoba katika Hispania, waliufanya msikiti wake mkubwa kuwa kanisa. Mwaka 1453 Waturuki walipouteka Konstantinopoli, walilifanya kanisa la Hekima Takatifu kuwa msikiti. Nyumba hizo ni nzuri ajabu, na mpaka leo watu hubishana juu yake. Mahali palipotwaliwa kwa upanga uchungu huchelewa kuondoka, hata sala zikiwa nyingi. Basi tulipokwenda kwa mfumu na wazee kuomba depo, hatukufanya adabu tu.

Katika Roma hiyo hiyo pana nyumba nyingine inayokaribia jambo letu zaidi. Kaisari Diokletiano, aliyeanza mwaka 303 mateso makali kupita yote yaliyotangulia, alijenga nyumba kubwa mno za kuogea, zikafunguliwa karibu na mwaka 306. Wakristu wa Roma walipokezana habari kwamba ndugu zao walilazimishwa kuzijenga kama wafungwa. Mnaona? Kazi ya shuruti. Nyumba zikaharibika, zikaachwa. Katika karne ya 16 padri mmoja wa Sisilia, Antonio del Duca, alisihi kwa miaka mingi zifanywe kanisa la Malaika na Wamartiri, na wakubwa hawakumsikia. Hatimaye mwaka 1561 Papa Pio wa Nne alikubali, akampa kazi Michelangelo, fundi aliyekuwa na umri wa miaka 86. Mzee huyo aliweza kubomoa. Hakubomoa. Aliutwaa ukumbi mkubwa wa Diokletiano jinsi ulivyo, na nguzo zake nane za jiwe jekundu, na paa lake, akautengeneza kwa sala. Alikufa mwaka 1564 kazi haijaisha. Anayesali humo leo aweza kuigusa nguzo iliyosimamishwa wakati wa mateso.

Sasa turudi kwetu, katika ziwa Tanganyika. Wengi wenu mwaijua Mpala kwa jina la misioni. Je, mwajua ya kuwa haikuanza kuwa misioni?

Tarehe 4 Mei mwaka 1883 askari Mbelgiji, Emile Storms, alianzisha kituo hapo, karibu na mahali mto Lufuko unapoingia ziwani, katika nchi ya Watabwa. Alitumwa na chama kilichoanzishwa na mfalme Leopold wa Pili mwaka 1876. Alifanya undugu wa damu na mfumu Mpala, na kituo kikaitwa kwa jina lake. Lakini kilikuwa kituo cha bunduki. Huko milimani alikuwapo mfumu Lusinga, mtu mwenye nguvu, ambaye naye aliteka watu na kuwauza. Mwezi wa Desemba mwaka 1884 watu wa Storms walimwua Lusinga, wakamkata kichwa, wakamletea. Storms alipoondoka alichukua fuvu la Lusinga, pamoja na sanamu ya ukoo wake, akavipeleka Ubelgiji. Jambo hilo halikusimuliwa katika masomo yetu ya zamani. Nalisimulia mimi, kwa sababu wajukuu wa Watabwa wanalijua, na mwalimu akilificha hataaminiwa katika mengine.

Mwaka 1885 Leopold aliviacha vituo viwili vya ziwa, Karema ng'ambo ile na Mpala ng'ambo hii, mikononi mwa Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe. Mapadri waliingia katika nyumba zilizojengwa kwa ajili ya askari, wakafanya humo Misa, wakafundisha katekisimu. Watoto waliokombolewa katika utumwa walilelewa hapo. Karema nako boma lililoanzishwa mwaka 1879 likawa misioni, na mwaka 1889 akafika Adriano Atiman. Huyo alitekwa utotoni katika nchi za jangwa, akakombolewa na Mapadri, akasomea uganga huko Malta. Alikaa Karema akiwa mganga na katekista mpaka alipokufa mwaka 1956. Sisi makatekista tunapotaja wakubwa wetu, twamtaja yeye.

Boma la Mpala halikuacha vita kwa siku moja. Mwaka 1887 alifika Leopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, akawafundisha watu kushika bunduki ili kuwakinga na wateka-watumwa. Wakati ule watu walikimbilia kwake na kushukuru. Hata hivyo naona ni haki kusema kwamba misioni na boma vilikaa pamoja katika nyumba moja miaka kadhaa, na si kila mtu aliweza kuona mara moja mpaka kati ya padri na askari. Nyumba hugeuka polepole kama mtu. Lakini iligeuka. Huko Mpala alisoma kijana Stefano Kaoze, na tarehe 21 Julai mwaka 1917, huko Baudouinville, alipewa upadri, wa kwanza katika Wakongo wa nyakati hizi. Mwaka huo huo, kama nilivyosema, ndio ulioanza pamba.

Nilirudi kijijini na habari hizi, nikazisimulia usiku tatu chini ya mwembe. Kisha tulimwomba mzee atuonyeshe mahali pale. Aliingia depo mchana, peke yake na padri na mimi, akatembea mpaka upande wa mlango mkubwa wa mizani, akaonyesha kwa fimbo yake ya kutembelea. Padri alisema: Pengine altare tuiweke hapa, kama ilivyofanywa juu ya makaburi ya wamartiri. Mzee alikataa. Alisema: «Baba yangu hakuwa mmartiri. Hakuna aliyemwuliza kama anaamini. Alipigwa tu.» Padri akainama, hakurudia neno lile.

Basi tulifanya hivi. Mlango wa mizani tuliuziba kwa matofali, mtu asiingie tena kumwabudu Mungu kwa njia ile ambayo wazee walipanga mstari na mizigo yao vichwani. Tulifungua mlango mpya upande wa pili, unaoelekea kijijini. Kuta za ndani za ofisi ya karani tulizivunja, kama walivyofanya watu wa Dura, na matofali yake tukajengea altare. Madirisha yalikuwa madogo na ya juu, maana pamba haihitaji kuona. Tuliyashusha sita, mwanga ukaingia. Popo walitushinda majuma mawili. Kuta tulizipaka chokaa, sakafu tukaipiga simenti mpya, ila kipande kimoja karibu na mlango uliozibwa, upana wa mkeka, kiliachwa na simenti yake ya zamani. Mzee ndiye aliyetuomba tusikifunike, wala tusiweke kitu juu yake. Watoto hukiruka wakipita, ingawa hakuna aliyewaamuru.

Siku ya kubariki, padri aliwanyunyizia maji watu kwanza, kisha kuta, kisha altare, kwa maana ndivyo ibada ya Eklezia iagizavyo. Kabla ya hayo aliuliza mbele ya wote nini kilifanyika ndani ya nyumba hii, na wazee wanne walijibu, mmoja mmoja. Ilichukua muda mrefu. Wanawake wawili walilia kwa sauti.

Kisha mzee alileta ombi la mwisho: majina ya watu waliopigwa katika depo yaandikwe, na yasomwe katika Misa ya kuwaombea marehemu wote, tarehe 2 Novemba. Padri alikubali. Tulinunua daftari. Jina la baba yake ni la kwanza, na watu wa vijiji vya jirani bado wanaleta mengine.

Dominika za kawaida mzee hukaa barazani, penye dirisha lililo karibu na altare, na padri humpelekea Komunyo huko huko. Hatumwulizi. Lakini tarehe 2 Novemba yeye ndiye ashikaye daftari, na siku hiyo huingia ndani.